Kaditama ya Ukoka

Ngo.

Kimya kidogo. Kisha tena: ngo, ngo.

Mbelwa alikuwa amejilaza na kitambaa cha maji juu ya macho, kama alivyofanya kila asubuhi baada ya kuchomelea nyaya. Hakuhitaji kukiondoa ili ajue sauti ilitoka wapi. Kila mtu alipouuliza mtungi jambo, kijiti cha mpingo kiligonga shingo ya mtungi huo. Alikitengeneza mwenyewe, kwa kisu chake, ili pasiwe na mtu wa kuupekua mtungi kimya kimya. Anayetafuta shairi hugonga mara moja, kisha hufuata kimya cha mtu anayesoma. Mara nyingine kimya hicho hufika nusu saa. Mbelwa alikipenda kuliko sifa zote alizowahi kupewa.

Ngo. Ngo. Ngo. Ngo.

Huyu hakuwa anasoma. Huyu alikuwa anadonoa, kama kuku kwenye ungo.

Akaondoa kitambaa, akainuka. Chumba kilikuwa na meza, kitanda, redio, na katikati ule mtungi mkubwa uliofika kiunoni mwake. Ilikuwa mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine, na mchanga mbichi katikati. Mchanga ukiwa na maji, mtungi wa ndani hubaki baridi hata jua la Korogwe likichoma mabati, na ndani ya baridi hiyo zililala kadi zilizobeba maneno ya watu elfu arubaini. Kioo kidogo kilichofungwa ubavuni kilionyesha maswali yakishuka moja moja.

Yalitoka kwenye mtungi wa Same. Aliyeuliza aliandikwa: Mgeni.

Swali lilikuwa jina la mwanamke, pamoja na jina la baba yake. Mbelwa hakulijua. Baada ya jina kulifuata kituo cha reli. Makanya: hakuna. Hedaru: hakuna. Mazinde: hakuna. Mombo: hakuna. Binadamu angekwisha kuchoka, lakini hii ilikuwa mashine, na mashine ilishuka na reli stesheni kwa stesheni, kisha ikaanza vijiji vya pembeni, kimoja baada ya kingine.

Ngo. Halafu kwenye kioo: moja.

Kudonoa kukakoma.

Mbelwa alitazama lile neno. Mashine huhesabu, kusoma humwachia mwenye mashine. Akafungua ilichokipata mashine. Kilikuwa ubeti wa kumi na mbili, wa mwisho, katika shairi la mtu aliyejiita Ukoka. Alilijua shairi hilo kwa moyo. Nani bondeni hakulijua?

*Nimekanyagwa na ng'ombe, na wenyewe wakapita,*
*Sikuomba wanipambe, wala sikutaka vita,*
*Chini kwa chini nitambe, pale wasiponipata,*
*Ukoka haung'olewi, ukikatwa utaota.*

Huo ulikuwa wa kwanza. Ule wa mwisho hakuwahi kuutilia maanani. Ulikuwa na mistari minne. Jina lake, lile lile lililokuwa likiulizwa. Jina la baba yake. Kijiji. Na mti ulioota mlangoni.

Maji ya kitambaa yalikuwa yakimtiririka shingoni. Hakuyafuta.

*

Kwa miaka kumi na tisa watu wa bonde hilo walizungumza ndani ya Jumba, mtandao uliobeba kila neno lao. Hakuna aliyewahi kuwaona wenye Jumba; walijua tu kipuli chao, kile kidude cha fedha kilichoning'inia kwenye ndewe ya kila sikio, kikisikia kila neno na kumalizia sentensi hata kabla mwenyewe hajajua anataka kusema nini. Ulisema "nimekukumb—" nacho kikamaliza, kikapeleka, kikakuuzia na nauli ya kwenda kumwona huyo uliyemkumbuka.

Washairi walivumilia mengi. Walivumilia matangazo ya sabuni katikati ya mistari. Walivumilia kipuli kilichowabadilishia vina kwa vile neno jingine "linapendwa zaidi". Walichoshindwa kuvumilia ni kaditama. Mtunzi anapofika mwisho hutaja jina lake na kwao, ili msikilizaji ajue neno hili lina mwenyewe na mwenyewe ana mlango unaoweza kubishwa. Kwa sheria ya Jumba, jina la mtu likifuatana na jina la mahali ni tangazo, na tangazo lisilolipiwa hukatwa. Kila shairi la bonde lilitoka bila ubeti wake wa mwisho.

Mbelwa alipanda juu ya meza ya muuza nyanya, siku ya mnada, akiwa fundi umeme aliyefukuzwa kiwanda cha katani, na akasema kwa sauti iliyofika hadi stendi: "Shairi lisilo na kaditama ni maiti iliyookotwa barabarani. Tutaendelea kuzika watu wasio na majina mpaka lini?"

Wakavua vipuli. Wengine walilia walipovivua, kama watoto wanaoachishwa ziwa. Mitungi ikafinyangwa, mmoja Korogwe, mmoja Lushoto, mmoja Pangani, mpaka ikafika sitini na mitatu, kila mmoja na mlezi wake, ikisemezana kwa redio kutoka kilima hadi kilima. Kila mtungi ulibeba nakala ya mingine yote, ili atakayetaka kuwanyamazisha alazimike kuvunja sitini na mitatu kwa siku moja. Sheria ya nchi iliwabana wenye Jumba wamrudishie kila mtu alichokiandika, kama alivyokiandika, kabla ya kukatwa.

Ndipo Mbelwa akawauliza watunzi, mmoja mmoja: "Nihamishe mashairi yako?"

Ukoka alijibu kwa neno moja. "Hamisha."

Kuhusu kaditama hakuuliza. Angeulizaje? Ni sawa na kumuuliza mtu akihama nyumba kama ahamishwe pamoja na kichwa chake.

*

Mbelwa alifika kijijini kwa baiskeli saa nne kasoro, shati limemganda mgongoni. Hakupotea njia. Ubeti ulielekeza vizuri, na hilo ndilo lililomtisha kila alipokata kona sahihi. Mkonge ulisimama pande zote mbili, safu kwa safu, hadi macho yalipochoka. Kisha mti ule. Kisha mlango.

"Hodi."

"Simama hapo hapo." Mwanamke alitokea nyuma ya nyumba, nyuzi za katani begani, panga mkononi. Alikuwa wa miaka arubaini hivi, na mtandio umefungwa chini ya kidevu licha ya joto. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, dada. Mimi Mbelwa. Wa mtungi."

"Mbelwa simjui."

"Kwenye malumbano ya mashairi najiita Upupu."

Panga likashuka kidogo. Akamtazama kuanzia viatu hadi kipara. "Wewe ndiye Upupu? Mimi nilidhani kijana. Unavyowasha watu."

"Miaka hamsini na miwili."

"Na nilidhani mrefu." Karibu acheke. Kisha kicheko kikafia njiani. "Nani kakwambia nakaa hapa?"

"Wewe mwenyewe. Ubeti wa kumi na mbili."

"Ule haupo. Ule hukatwa."

"Hukatwa na Jumba," Mbelwa alisema. "Kwetu haukatwi."

Mwanamke hakupiga kelele. Aliweka panga juu ya kizingiti, taratibu, kama chombo cha udongo, akakaa kando yake. Akafungua mtandio. Sikio la kushoto halikuwa na ndewe. Pale chini palikuwa na kovu lililonyooka, kama ukingo wa karatasi iliyochanwa.

"Mume wangu alipenda kunisikiliza," alisema. "Alinunua ruhusa, Jumba walikuwa wakiuza: mume kusikiliza kipuli cha mke. Siku moja nikakivua. Akanivalisha tena. Nikakivua tena. Mara ya tatu akakitoa yeye, na hakufungua kishikizo."

Mbelwa alitazama ardhi.

"Hapa wananiita Mama Tatu. Sina mtoto anayeitwa Tatu. Sina mtoto. Niliteremka stesheni mama mmoja akaniuliza jina, nikasema la kwanza lililonijia. Miaka saba naitika. Ukiitwa jina la uongo miaka saba, kaka, kuna asubuhi unaamka hulikumbuki la kwako, unalitafuta kama mtu anayetafuta miwani. Basi mashairi mengine yote nikamaliza kwa lakabu. Hilo moja nikalimaliza kwa jina langu. Kwa sababu nilijua watalikata. Nilikuwa na hakika. Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo ningeweza kuandika jina langu na lisisomwe na mtu, na mahali hapo palikuwa kwenye ubeti wa mwisho, ndani ya Jumba."

"Uliniambia nihamishe."

"Uliniuliza mashairi. Nilidhani unahamisha yale watu wanayoyaona." Akamtazama usoni. "Anajua?"

"Mashine yake imepata. Yeye sijui kama amesoma."

Akasimama. "Basi nafunga mzigo."

Hapo ndipo Mbelwa alipaswa kunyamaza. Baadaye alirudia mahali hapo akilini mara nyingi, na kila mara alijiona akifungua mdomo. "Usikimbie kwa sababu yangu," alisema. "Nipe mpaka mchana. Nitaufuta. Kote. Atakachokuwa nacho ni neno 'moja' kwenye kioo."

"Mitungi haifuti. Mlituimbia mwaka mzima kwamba mitungi haifuti."

"Nipe mpaka mchana."

*

Kufuta kulikuwa na kanuni, na kanuni aliiandika Mbelwa mwenyewe, kwa fahari, akibadili kila neno mara tatu. Hafuti mtu mmoja. Walezi wote sitini na watatu wakubali, kwa sauti zao, baada ya kusomewa kinachofutwa. Alipomaliza kuiandika alijiambia kwamba hakuna tajiri wala waziri atakayeweza kuinunua.

Saa tano na nusu aliwaita kwenye redio. Sauti ziliitika moja moja kutoka milimani, nyingine na majogoo nyuma yake, nyingine na mashine ya kusaga.

"Naomba tufute ubeti mmoja," alisema. "Naomba nisiusome."

Mkwaruzo wa redio ukajaza chumba. Aliyejibu kwanza alikuwa mzee Shemhilu, mlezi wa Same, karani wa mahakama aliyestaafu. Kila neno lake lilikuja limepigwa pasi.

"Tufute tusichokijua?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Jumba lilitufanyia hivyo miaka kumi na tisa, Mbelwa. Kukata bila kutuambia. Wewe ndiye uliyepanda juu ya nyanya za watu."

Mtu fulani akacheka, akaacha.

"Kuna uhai wa mtu hapa."

"Wa nani?"

"Siwezi kumtaja. Nikimtaja nimemwongezea masikio sitini na mawili."

"Masikio yetu," Shemhilu alisema polepole. "Unaogopa mmoja wetu?"

Mbelwa alifikiria ule mtungi wa Same, ambako mashine ilikaa ikidonoa. Alifikiria kijiti cha mpingo kikigonga huko pia, mbele ya mzee huyo huyo, ambaye hakusema lolote asubuhi yote. Angeweza kusema uongo. Alikuwa amechoka.

"Ndiyo," alisema.

Hakuna aliyepandisha sauti. Riziki, msichana wa mtungi wa Handeni, alisema tu, "Loo, mjomba." Riziki alikuwa na miaka ishirini na tano, na alijifunza kusoma waya kwa kukaa pembeni ya meza ya Mbelwa.

"Leo ni mtu mmoja mwenye shida," Shemhilu alisema. "Nakubali, huenda ni shida ya kweli. Mwakani atakuja mbunge na shida yake, naye atasema kuna uhai hapa, msisome. Tutamjibu nini? Nisomee ubeti, nitaufuta kabla hujafunga mdomo. Usiponisomea, sifuti. Na usinichukie kwa hilo, mwanangu. Ni maneno yako."

Mmoja baada ya mwingine wakasema hivyo hivyo. Walikuwa na haki. Hilo ndilo lililomwuma: aliwasikiliza akitafuta mjinga au mwoga kati yao, asimpate.

Akazima redio ya kuongelea.

*

Siku ya kuvua vipuli, Mbelwa aliwaonyesha watu mbegu. Ilikuwa kadi ndogo, ukubwa wa punje ya hindi, iliyozaa mtungi wa kwanza, na kwa kuwa mitungi yote ilizaliwa na huo wa kwanza, yote iliitii. Mwenye mbegu angeweza kuiamuru yote bila kumwomba mtu. Akaileta mnadani, akaiweka juu ya jiwe la kusagia, akaiponda mbele ya macho yao mpaka ikawa unga. Wazee walipiga makofi. Wengine waliokota vumbi lake.

Alichokiponda kilikuwa kipande cha redio mbovu.

Alikuwa na sababu. Moto ukitokea. Mafuriko yakitokea. Adui akipenya. Kila sababu ilikuwa nzuri, na kwa miaka miwili alizipanga vizuri kichwani kila alipopita karibu na mtungi. Mbegu ya kweli ilikuwa humo humo, imezikwa ndani ya mchanga katikati ya mtungi na mtungi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kila siku alimwagilia mchanga maji, na kila siku alijua anamwagilia nini.

Akachimba kwa vidole. Mchanga ulikuwa baridi. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akaisukuma kwenye tundu lililokuwa nyuma ya kioo, tundu ambalo aliwaambia watu ni la kupitisha hewa.

Akaugusa ubeti wa kumi na mbili, na kioo kikauliza: Futa kote?

Ilikuwa saa sita kasoro. Alifikiria watu elfu arubaini waliovua vipuli kwa sababu alisema hakuna tena mkono mmoja juu ya maneno yao. Akafikiria ukingo ule ulionyooka chini ya sikio. Alijaribu kuvipima kama mtu anayepima kilo za nyanya, upande huu na upande huu, akagundua kwamba hakuna mzani. Kuna mkono tu, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya kioo.

Akabonyeza.

Ngo.

Mara moja tu, nzito. Alijua kwamba wakati ule ule, Pangani, Lushoto, Handeni, Same, katika vyumba sitini na viwili ambako hapakuwa na mtu aliyeuliza kitu, vijiti vyote vya mpingo viligonga mara moja.

Akaiwasha redio. Alikuwa na deni hilo angalau.

"Mjomba," Riziki alisema. "Wangu umelia."

"Najua."

"Sijaulizwa kitu na mtu. Umelia wenyewe. Nimetazama, beti zimepungua moja."

"Najua, Riziki."

Mashine ya kusaga ya mtu fulani ilizimwa.

"Ile uliyoponda mnadani ilikuwa nini?"

"Kipande cha redio."

"Niliokota unga wake," msichana alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na Mbelwa angetoa chochote iwe nayo. "Nimeutia kwenye kichupa. Ninauvaa shingoni, mjomba. Hapa ninavyosema nimeuvaa."

Kwenye kioo, taa ndogo sitini na mbili za kijani zilizoonyesha mitungi mingine zilianza kuzimika. Pangani. Muheza. Lushoto. Hawakumtukana. Walikuwa wanakata waya uliopokea redio ya mtungi wake, kila mlezi kwa mkono wake, na alijua walivyoshika koleo kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha.

"Mbelwa." Ilikuwa sauti ya Shemhilu, na pasi haikuwemo tena. "Nisikilize haraka kabla sijakata. Nimelinganisha. Nimeuona ubeti uliokosekana. Ni ule wa Ukoka?"

Mbelwa akasogea karibu na redio.

"Kulikuwa na mtu hapa asubuhi. Amevaa vizuri, mpole, shikamoo yake ya heshima. Alikuja na kidude chake, akasema anapenda mashairi ya zamani. Kidude kikawa kinagonga gonga, nikadhani anatafuta kitabu kizima. Nikampa kiti. Nikamtengenezea kahawa. Alisoma ubeti mmoja tu, akaunakili kwenye karatasi kwa kalamu, akanishukuru." Mzee alivuta pumzi. "Niliona ajabu, mtu kuja mbali hivyo kwa ubeti mmoja. Nikafurahi. Nilidhani tumepata mpenzi wa mashairi."

"Saa ngapi?" Mbelwa aliuliza. "Mzee, aliondoka saa ngapi?"

"Saa nne kamili. Gari jeupe. Ungenisomea ule ubeti, mwanangu. Ungenisomea mstari mmoja tu, ningekwambia hapo hapo. Nusu saa nzima nimekaa hapa nikibishana nawe kuhusu kanuni."

Taa ya Same ikazimika. Ilikuwa ya mwisho au karibu ya mwisho. Mbelwa hakukaa kuhesabu. Same hadi kijijini kwa Ukoka ni mwendo wa saa tatu kwa gari.

*

Mlango wa Ukoka ulikuwa wazi na nyumba tupu. Nyuzi za katani zilikuwa bado zimeanikwa. Mbelwa aliita jina lile la uongo, "Mama Tatu," na sauti yake ikarudi kutoka ukutani.

"Usipige kelele," mtu alisema.

Alikuwa ndani ya mkonge, safu ya nne au ya tano, amechutama na furushi mapajani. Mbelwa alisukuma baiskeli ndani ya majani, miiba ikamchana mikono, akachutama mbele yake.

"Ulisema ningoje mpaka mchana," alisema Ukoka. "Nimengoja. Sikusema nitangojea ndani." Akamtazama. "Amekwisha soma, siyo?"

"Amesoma. Same, asubuhi. Kabla hata sijafika kwako. Gari jeupe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei aliyokwisha kuisikia dukani kwingine. "Trekta la mkonge linapita kando ya reli, kule chini, saa saba na robo. Dereva ananijua. Hataniuliza."

"Unakwenda wapi?" Mara tu aliposema alijuta. "Usiniambie."

"Nisingekuambia."

Wakakaa. Jua lilisimama juu ya vichwa vyao na vivuli vikaingia chini ya miguu. Mbelwa alitaka kumwambia kuhusu mbegu, kuhusu taa zilizozimika, kuhusu kichupa shingoni mwa Riziki. Akaona kwamba kumwambia ni kumwomba ambebee mzigo, naye alikuwa na furushi lake.

"Umefuta?" aliuliza yeye.

"Nimefuta."

"Kote?"

"Kote. Hata kwangu. Mitungi sitini na mitatu."

Ukoka alivunja ncha ya jani la mkonge, akaigeuza geuza.

"Basi sasa ninaye yeye tu," alisema. "Duniani kote, jina langu limeandikwa mahali pamoja, kwenye karatasi, mfukoni mwa mtu yule."

Mbelwa hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amefikiria kuhusu mitungi, na kanuni, na kuhusu yeye mwenyewe.

Mbali, upande wa barabara kuu, vumbi liliinuka. Lilikuja kwa mstari mmoja ulionyooka, bila haraka, kama mtu anayeijua njia. Gari lilikuwa jeupe. Lilipunguza mwendo penye mti ule, likasimama, na mlango ukafunguka na kufungwa kwa upole. Walisikia mwanamume akibisha hodi. Alibisha vizuri, mara tatu, akingoja katikati.

Ukoka alifunga mtandio chini ya kidevu, akavuta fundo.

"Nisomee," Mbelwa alinong'ona.

"Nini?"

"Ubeti. Wa kumi na mbili. Niliufungua asubuhi lakini sikuusoma kama shairi. Nilitafuta njia ya kuja tu. Nisomee ili uwe mahali pengine zaidi ya mfukoni mwake."

Akamtazama kama anayetafuta kitu usoni pake. Haikujulikana kama alikipata. Kisha akainamisha kichwa, na chini ya hodi za yule mwanamume, kwa sauti ambayo haikuvuka safu moja ya mkonge, akausoma. Mistari minne, mizani kumi na sita kila mmoja. Alipofika kwenye jina lake midomo ilisita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kupapasa kwa mguu, kisha ikalishika. Akalisema. Akasema la baba yake. Mti ule akaacha kuutaja. Badala yake akaweka pumzi, na mizani ikakaa sawa.

"Mara ya pili," Mbelwa alisema. Naye akausema mara ya pili, na mara hiyo Mbelwa aliusema pamoja naye, midomo tu.

Chini kwenye reli trekta lilikohoa. Ukoka aliinuka nusu, furushi kifuani.

"Usiuandike, kaka Mbelwa," alisema. "Unasikia? Najua mlivyo. Utafika nyumbani mkono ukuwashe."

Mbelwa akaweka kiganja juu ya mchanga, mahali ambapo alikuwa amechutama, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuapia. Alitaja kwanza jina la kweli la Ukoka, kwa sauti ya kumtosha yeye tu, ili alisikie likitoka kinywani mwa mtu asiyemtafuta.

"Sitauandika," alisema. "Si kwenye mtungi, si kwenye karatasi, wala kwa kidole kwenye vumbi. Nitausema kila asubuhi kabla sijasema neno jingine, nisiusahau, na sitamsomea mtu. Siku utakayoamka hulikumbuki jina lako, njoo Korogwe uniulize. Nitakuwa nalo."